Kitenzi *werþaną cha Kigermaniki asilia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kitenzi hiki kimoja cha Kigermaniki asilia, yaani lugha mame ambamo zimetoka Kijerumani, Kiingereza na ndugu zake, ndicho kilichozaa "werden" ya Kijerumani, "worden" ya Kiholanzi na "verða" ya Kiaislandi. Kiingereza nacho kilikuwa nacho, kikakipoteza. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa zaidi na wanafunzi wa isimu, na wanaojifunza Kijerumani wakakwama kwenye "wird", "wurde", "würde" na "geworden" wakidhani ni vitenzi vinne tofauti.

*werþaną maana yake nini, na hutamkwaje?

Maana yake ni kuwa, lakini kuwa kwa kuingia katika hali ambayo hukuwa nayo: kuwa mzee, kuwa kipofu, kuwa mfalme. Kuwa kwa maana ya kuwapo tu kulikuwa na kitenzi chake, *wesaną, ambacho mabaki yake ni "was" na "were" za Kiingereza. Wasemaji wa lugha ile hawakuvichanganya vitenzi hivi viwili.

Herufi þ inawatisha wengi bure. Ni th ya "thamani", basi. Na d ikiwa katikati ya neno baada ya r, kama katika *wurdun, haikuwa d ya "dada" bali dh ya "dhahabu". Mzungumzaji wa Kiswahili aliyezoea kutofautisha th na dh ana nafuu kubwa hapa kuliko Mjerumani wa leo, ambaye lugha yake imezipoteza sauti zote mbili. Ile ą ya mwisho ni a inayopitishwa puani. Mkazo uko mwanzoni: WER-tha-na, si wer-THA-na kama ulimi wetu unavyotaka kusema.

Kinyota mbele ya neno ni cha nini?

Kinasema kwamba umbo hili halijakutwa limeandikwa popote. Limekokotolewa kwa kulinganisha lugha zilizotokana nalo. Aliyeueneza mtindo huu ni Mjerumani August Schleicher, katikati ya karne ya 19. Schleicher alijiamini kiasi kwamba mwaka 1868 alitunga hadithi fupi nzima, ya kondoo na farasi, kwa lugha mame ya Kihindi-Kiulaya, mzazi wa Kigermaniki, Kilatini na Kisanskriti, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Wanaisimu wa leo wako waangalifu zaidi.

Angalizo: katika vitabu vya sintaksia kinyota hichohicho huwekwa mbele ya sentensi isiyokubalika kisarufi. Usichanganye.

Nani walikisema, wapi na lini?

Kigermaniki asilia kilizungumzwa kusini mwa Skandinavia na kaskazini mwa Ujerumani ya leo, katika karne tano hivi za mwisho kabla ya Kristo na kuingia kidogo baada yake. Mroma Tacitus aliandika kuhusu makabila hayo mwaka 98, lakini aliandika kwa Kilatini. Maandishi yao wenyewe ya mwanzo kabisa ni mikwaruzo ya kirune, yaani herufi zao za kale, kwa mfano kitana kilichopatikana Vimose, kisiwani Fyn nchini Denmaki, cha mwaka 160 hivi, kilichochongwa neno moja tu: harja. Kwa neno moja huwezi kujenga sarufi. Ndiyo maana tunalazimika kupita njia ndefu.

Kama hakikuandikwa, mmekijuaje?

Tuanze na lugha zetu, maana kanuni ni ileile. Kitenzi chetu "kuwa" Waganda husema "okuba", Wanyarwanda na Warundi husema "kuba". Peke yake ulinganisho huu haukupi kitu. Lakini chukua "watu", ambao huko ni "abantu". Tena w yetu iko mahali pa b yao. Yakishakusanyika maneno ya kutosha yenye mpangilio uleule, huwezi tena kusema ni bahati: kulikuwa na lugha mame, ilikuwa na b, na Kiswahili ndicho kilichoilegeza ikawa w. Kwa hiyo wataalamu wa Kibantu wameandika *-bá kwa kitenzi hicho, kinyota mbele.

Sasa tazama upande wa pili. Kigothi kina "wairþan", Kinorsi cha Kale "verða", Kiingereza cha Kale "weorþan", Kisaksoni cha Kale "werthan", Kifrisia cha Kale "wertha", Kijerumani cha Juu cha Kale "werdan". Maana ni moja. Konsonanti ya kati ni th au jamaa yake, isipokuwa Kijerumani chenye d, na tunajua kwamba Kijerumani kiligeuza kila th kuwa d: penye "three" kina "drei", penye "thing" kina "Ding". Kwa hiyo d yake ni mpya na th ndiyo ya zamani. Irabu nazo zinajieleza. Wagothi waliandika ai mbele ya r kwa sauti iliyo karibu na e, na Waingereza wa kale walipasua e kuwa eo ikifuatwa na r na konsonanti nyingine. Ondoa mabadiliko ya kila mmoja, kinachobaki ni werþ-.

Hiyo -az na -ą ya mwishoni mwa maneno mengi je, si ubunifu wa vyuoni? Ushahidi mzuri kuliko wote umetoka kwa majirani wasio wa ukoo huu kabisa. Wafini waliazima maneno ya Kigermaniki zamani sana na hawakuyagusa: mfalme kwao mpaka leo ni "kuningas", na pete ni "rengas". Kinyota kilisema *kuningaz na *hringaz. Kiingereza kimebaki na "king" na "ring", mkia wote umekatika, lakini Wafini wamemtunzia mwenzao mali ambayo mwenyewe aliitupa.

Kabla ya hapo kilitoka wapi?

Kilitoka katika mzizi *wert- wa Kihindi-Kiulaya asilia, uliomaanisha kugeuka au kuzunguka. Ndugu zake wa mbali ni "vertere" ya Kilatini, kugeuza. "Vartate" ya Kisanskriti, kuzunguka na pia kuendelea au kuwapo. Na "virsti" ya Kilithuania, ambayo ni kupinduka na vilevile kugeuka kuwa kitu kingine.

Utaona Kilatini na Kisanskriti vina t pale Wagermaniki walipo na þ. Hilo ni badiliko la kawaida: Kilatini "tres", Kiingereza "three", Kilatini "tu", Kiingereza cha zamani "thou". Mdenmaki Rasmus Rask aliyaona mengi ya mabadiliko haya katika kitabu alichokichapisha mwaka 1818, na Jacob Grimm, yuleyule wa ngano za watoto, akayapanga kuwa kanuni kamili mwaka 1822. Kanuni ikabeba jina la Grimm. Rask hakupata.

Kugeuka kuligeukaje kuwa kuwa?

Kwa njia ambayo mzungumzaji wa Kiswahili haitaji kuelezwa sana. Katika ngano zetu mtu hugeuka nyoka, na binti hugeuka jiwe. Anayesema hivyo hafikirii mtu anayezunguka mahali alipo. Anafikiria mwanzo na mwisho wa badiliko. Kigermaniki kilikwenda hatua moja mbele: maana ya kuzunguka ikafa, ikabaki ya badiliko peke yake.

Haikufa yote, lakini. Imejificha katika kiambishi cha Kiingereza -ward na cha Kijerumani -wärts: "homeward", "vorwärts". Hapo maana ni ya mtu aliyegeukia upande fulani, sawa na "versus" ya Kilatini, ambayo kwanza ilikuwa "kuelekea". Kisha kuna jozi ya Kigothi ninayoipenda sana: "frawairþan" ni kuharibika, "frawardjan" ni kuharibu. Kiambishi fra- kinabeba ubaya, na badiliko la ndani ya mzizi linafanya kazi ambayo kwetu hufanywa mwishoni mwa kitenzi. Katika Mathayo 6:19, kule kwenye nondo na kutu, Kigothi kinasema "malo jah nidwa frawardeiþ". Angalia d yake. Tutairudia.

Maumbo yake yalikuwaje?

Walionyambua vitenzi vya Kijerumani shuleni watayatambua. Wakati uliopo:

mimi *werþō
wewe *wirþizi
yeye *wirþidi
sisi *werþamaz
ninyi *wirþid
wao *werþandi

Kulikuwa pia na maumbo ya watu wawili tu, sisi wawili na ninyi wawili, ambayo Kigothi kiliyahifadhi na wengine wakayaacha. Ile i katika *wirþizi na *wirþidi imetokana na e iliyovutwa juu na i ya silabi inayofuata, na imedumu miaka elfu mbili: ndiyo i ya "du wirst" na "er wird" katika Kijerumani cha leo.

Wakati uliopita, umoja wa nafsi ya kwanza na ya tatu ni *warþ. Wingi ni *wurdum kwa sisi, *wurdud kwa ninyi, *wurdun kwa wao. Umbo la jambo lililokwisha kutendeka ni *wurdanaz. Umbo la dhana katika wakati uliopita lilijengwa juu ya *wurdī-, na hilo lishike, maana ndilo mama wa "würde".

Mwanafunzi akitaka kukariri, akariri manne tu: *werþaną, *warþ, *wurdun, *wurdanaz. Mengine yote yanatokana na hayo.

Kwa nini irabu inabadilika: e, a, u?

Wagermaniki walirithi mchezo huu kutoka Kihindi-Kiulaya. Mzizi uleule ulitokea na e katika wakati uliopo, na o katika umoja wa wakati uliopita, na bila irabu kabisa katika wingi: *wert-, *wort-, *wr̥t-. Baadaye kila o fupi ikawa a, na hivyo *wort- ikazaa *warþ.

Lile umbo lisilo na irabu huwashangaza watu, kwamba r inawezaje kusimama peke yake kama silabi. Lakini m ya "mtu" inasimama peke yake kila siku na hatushangai. Wagermaniki hawakuivumilia r ya namna hiyo. Waliipa u ya kuiegemea, ikawa ur. Ndiyo *wurdun.

Grimm aliuita mchezo huu Ablaut, na hapohapo ndipo zilipo "sing, sang, sung" za Kiingereza na "sterben, starb, gestorben" za Kijerumani. *werþaną kiko kundi moja na "sterben", kundi la tatu la vitenzi vyenye nguvu, yaani vinavyoonyesha wakati kwa kubadili irabu ya ndani.

Na kwa nini þ ya *warþ ni d katika *wurdun?

Hili ndilo swali kubwa la ukurasa huu, na jibu lake ni mojawapo ya majibu mazuri kupita yote katika isimu.

Weka vidole viwili kooni useme "thamani", kisha useme "dhahabu". Katika dh utahisi mtetemo. Katika th hakuna. Mdomo na ulimi vimekaa vilevile. Kwa hiyo kutoka *warþ kwenda *wurdun kilichoongezeka ni mtetemo wa koo tu. Lakini umetoka wapi? Irabu ya kabla ina mtetemo mara zote mbili, r vilevile. Grimm alikiona kitendawili hiki na hakukitegua. Kulikuwa na maneno mengi yaliyoivunja kanuni yake bila sababu. Mfano uliojulikana zaidi ni baba na kaka: Kilatini kina "pater" na "frater", t zote mbili, lakini Kigothi kina "fadar" kwa d na "broþar" kwa þ. Kwa nini wawili wa nyumba moja watendewe tofauti?

Aliyelipata jibu ni Karl Verner, Mdenmaki aliyezaliwa Aarhus mwaka 1846. Inasimuliwa kwamba alijilaza mchana na kitabu cha sarufi linganishi cha Franz Bopp mkononi, akitafuta usingizi, macho yakaangukia maneno mawili ya Kisanskriti: "pitár" na "bhrā́tar". Baba ana mkazo mwishoni, kaka ana mkazo mwanzoni. Usingizi ukaisha. Makala yake ilitoka mwaka 1877 katika jarida la isimu la Kuhn, na hoja yake ni kwamba th ilibaki th pale tu silabi iliyoitangulia moja kwa moja ilipokuwa na mkazo. Mkazo ukiwa kwingine, th ikizungukwa na sauti zenye mtetemo, nayo ilitetemeka ikawa dh.

Rudi kwenye kitenzi chetu. Kisanskriti kina "vártate" katika wakati uliopo, mkazo kwenye mzizi. Kigermaniki kina þ. Kisanskriti kina "vavárta", amegeuka, mkazo kwenye mzizi. Kigermaniki kina *warþ, kwa þ. Kisanskriti kina "vavṛtimá", tumegeuka, mkazo mwishoni kabisa. Kigermaniki kina *wurdum, kwa d. Inakaa sawa kila mahali. Hata "frawardjan" ya hapo juu ina d kwa sababu hiyohiyo: viambishi vya kutendesha vya Kihindi-Kiulaya vilivuta mkazo kwao, kama "vartáyati" ya Kisanskriti inavyoonyesha.

Ajabu yenyewe ni hii. Baada ya badiliko hilo Wagermaniki waliuhamisha mkazo wote kwenye silabi ya kwanza. Kilichosababisha kikatoweka, matokeo yakabaki. Hakuna Mgothi wala Msaksoni aliyejua kwa nini anasema d hapa na th pale. Alikuwa anatunza, bila kujua, mkazo wa lugha iliyokufa kabla ya babu wa babu zake kuzaliwa, na mkazo huo ukalingana na ule ambao makuhani wa India walikuwa wakiukariri katika Veda.

Kiingereza cha leo kina masalio ya jambo hili? Kinayo machache: "was" kwa "were" (s ikawa z, z ikawa r), "lose" kwa "forlorn", "seethe" kwa "sodden". Kijerumani kina "leiden, litt", "schneiden, schnitt" na "ziehen, gezogen".

Mbona Kigothi, lugha kongwe, hakina d hiyo?

Ni kweli, Kigothi kina "wairþan, warþ, waurþun, waurþans", þ tupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hii ndiyo hoja ya kwanza ambayo mwanafunzi mwerevu huitoa dhidi ya Verner, na inafaa kujibiwa.

Kuandikwa mapema si sawa na kuhifadhi mengi. Wagothi walisawazisha: kitenzi kilichokuwa na sauti mbili kikapewa moja. Ndivyo wasemaji wa lugha zote hufanya wanapochoshwa na mbadiliko usio na sababu inayoonekana. Lakini walisawazisha vitenzi, wakasahau maneno mengine. "Fadar" na "frawardjan" zimewasaliti. Kinorsi cha Kale nacho hakitusaidii, kwa kuwa huko þ na d za katikati ya neno ziliungana zote zikawa ð: "verða, varð, urðu". Mashahidi wetu ni watatu. Kiingereza cha Kale kina "weorþan, wearþ, wurdon, geworden". Kisaksoni cha Kale kina "werthan, warth, wurdun, giwordan". Na Kijerumani cha Juu cha Kale, ambacho kiligeuza th kuwa d na d kuwa t, kina "werdan, ward, wurtun, wortan". Sauti zimehama, tofauti imebaki ilivyokuwa.

Kigothi kinastahili heshima kwa jambo jingine. Tunakijua hasa kupitia tafsiri ya Biblia ya Askofu Wulfila ya karne ya 4, na nakala yake maarufu, iliyoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi ya zambarau, pengine huko Ravenna mwanzoni mwa karne ya 6, sasa iko Uppsala, Uswidi. Fungua Marko 1:9: "jah warþ in jainaim dagam, qam Iesus". Msomaji wa Biblia ya Kiswahili anaijua hiyo: "Ikawa siku zile". Warþ ni "ikawa" yenyewe, neno kwa neno, mpaka nafasi yake katika sentensi.

Kilipotelea wapi katika Kiingereza?

Mnamo mwaka 1000 kilikuwa kizima kabisa. Ælfric, mtawa wa Kiingereza, alipotafsiri Mwanzo 1:3, "Iwe nuru, ikawa nuru", aliandika "Gewurðe leoht, and leoht wearð geworht", akikitumia mara mbili katika mstari mmoja. Baadaye kikawa "worthen", kikasongwa na "become", ambacho kwanza kilimaanisha kufika mahali, na na "be" iliyochukua kazi ya kutendwa. Kufikia mwisho wa karne ya 15 kilikuwa kimekwisha.

Masalio yake ni msemo mmoja. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Ezekieli 30:2, kuna "Woe worth the day!" Wengi hudhani "worth" hapo ni thamani. Sivyo; ni "na iwe": ole na iwe juu ya siku hii.

Kwa maoni yangu Waingereza walipata hasara. "The door was closed" haikuambii kama mlango ulikuwa umefungwa ulipofika au kuna mtu aliufunga. Kijerumani kinatofautisha, "war geschlossen" na "wurde geschlossen". Sisi nasi tunatofautisha bila shida: ulikuwa umefungwa, ulifungwa. Kiingereza kinaachia msikilizaji akisie.

Wird, ward, wurde, würde, worden, geworden: nisaidieni!

Yote ni kitenzi kimoja. "Wird" imeshaelezwa. "Ward" ni *warþ ya kale, na Luther aliitumia katika Biblia yake: "Es werde Licht! Und es ward Licht." Leo haisemwi ila kwa ushairi au mzaha, kwa sababu u ya wingi ilihamia umoja ikapata na -e ya kuazima: "wurde". "Würde" ni *wurdī-, ambamo ī iliivuta u mbele mpaka ikawa ü. Ukikutana nayo fikiria -nge-: "ich würde gehen", ningekwenda.

Kuhusu "worden" na "geworden", sheria ni rahisi. Mtu akiwa mzee, "ist alt geworden". Nyumba ikijengwa, "ist gebaut worden". Walimu huwaambia wanafunzi kwamba ge- imeangushwa. Kihistoria ni kinyume: umbo lisilo na ge- ndilo la kale, kama *wurdanaz ilivyokuwa, na ge- ndiye mgeni.

Matumizi ya kitenzi hiki kwa wakati ujao, "ich werde gehen", ni ya Kijerumani na yalikuja mwishoni mwa Zama za Kati. Usiyatarajie katika Kiholanzi. Huko wakati ujao huundwa na "zullen".

Je, "weird" ya Kiingereza inatokana nacho?

Ndiyo, kupitia nomino *wurdiz, yatakayokuwa, yaani majaaliwa. Kiingereza cha Kale kilisema "wyrd", na d yake ni ya Verner tena. "Weird" haikumaanisha kitu cha ajabu. Maana hiyo ni chipukizi la wachawi watatu wa Shakespeare katika Macbeth, ambao waliitwa hivyo kwa kuwa walijua majaaliwa. Wasomaji waliona wanawake wa kutisha, wakadhani ndiyo maana ya neno.

Kwa Wanorsi nomino hiyo ni "urðr", na Urðr ni jina la mmoja wa wanawake watatu wanaokata majaaliwa chini ya mti Yggdrasil. Mwenzake ni Verðandi, ambaye jina lake ni kitenzi chetu kikiwa kinaendelea: anayekuwa. Dada wa tatu, Skuld, ametoka katika kitenzi kingine.

Lugha gani bado zinakitumia leo?

Kijerumani, Kiholanzi, Kifrisia, Kiaislandi, Kifaroe, na Kiyidi kwa umbo la "vern". Barani Afrika kimo katika Kiafrikaans, Afrika Kusini na Namibia: "die huis word gebou", nyumba inajengwa.

Waliokiacha wana hadithi zao. Waswidi na Wadenmaki walichukua "bli" na "blive" kutoka Kijerumani cha Chini cha wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, wakabakiza cha zamani kwenye maneno ya kanisani na vipande kama "vordende mor" ya Kidenmaki, mama mtarajiwa. Watu wa Luxemburg wao husema "ginn", ambacho asili yake ni kutoa.

"Worth" ya thamani ni ndugu yake?

Wataalamu hawajaafikiana. Umbo *werþaz, lililozaa "worth" na "wert", linafanana na kitenzi hiki mno, na wapo wanaolitoa katika mzizi wa kugeuka, kwa maana ya kitu kinachoelekea bei fulani. Wengine hulipa mzizi wake. Katika mtihani sema yote mawili.

Na "kuwa" ya Kiswahili?

Hapana. W yetu ilikuwa b, kama tulivyoona. W yao ilikuwa w tangu mwanzo.

Mbona kamusi moja huandika *werþan, nyingine *werþanan, nyingine *werþaną?

Ni kitenzi kilekile. Wanatofautiana kuhusu mwisho wake. Umbo hili la kitenzi-jina lilitoka katika *-onom ya Kihindi-Kiulaya. M ya mwisho ilikuwa n, kisha n ikamezwa ikaacha irabu ya puani, kisha irabu nayo ikaanguka. Mwandishi anayetaka hatua ya mapema huandika -anan. Anayetaka hatua iliyo karibu zaidi na kutawanyika kwa lugha huandika -aną. Anayeandika *werþan- kwa kistari mwishoni ameamua kutojiingiza katika ugomvi huo. Vitabu vya zamani huandika pia đ au ð badala ya d, vikisisitiza kwamba sauti ilikuwa dh, na th badala ya þ kwa kukosa herufi ya kuchapia. Ukitafuta kwenye kamusi za mtandaoni, anza na -aną; usipokipata, futa irabu ya mwisho ujaribu tena.